Honi Mbili ni Shika

Karakana ya Chini
Jumatatu, 4 Machi

Kwa Shemeji,

Salamu. Najua ukiuona mwandiko huu utatamani kuitia barua jikoni kabla hujaifungua. Nakuomba uisome kwanza, jiko halikimbii. Wala sikuandikii kwa kupenda. Bosi ameagiza, na ameagiza kwa maandishi, maana tangu ile ajali yetu ya miaka mitano iliyopita hataki tena kusikia jambo la mdomo mtupu.

Habari yenyewe ni hii. Transfoma ya mji wenu imefika hapa bondeni. Ina tani tisini, imelazwa kwenye behewa lake peke yake, lenye magurudumu mengi kama tandu. Nyuma yake yapo mabehewa kumi na nane ya nguzo, nyaya na mafuta. Kichwa kimoja cha treni mlima ule hakiuwezi. Viwili vitafika kwenye kona ya saruji na kuanza kuteleza. Kwa hiyo vitakuwa vitatu, viwili vikivuta mbele na kimoja kikisukuma nyuma. Mbele nitakuwa mimi. Nyuma wamekutaja wewe, kwa sababu yule dereva wenu mwingine amevunjika mguu akicheza mpira wa wazee.

Redio kwenye mahandaki inakata, si unajua. Tutaongea kwa honi tu. Bosi anataka tukubaliane ishara kwa barua, zipite kwenye mkoba wa gadi wa treni, kila mmoja atie saini. Safari ni tarehe 26.

Huku bado wanakuita Mchanga. Wanasimulia ile safari yako ya kwanza, ulipomwaga relini sanduku zima la mchanga kwenye mlima mmoja ili magurudumu yasiteleze, waliokuja nyuma yako wakadhani wamefika ufukweni. Nimelitaja ujue hukusahaulika. Sikejeli.

Ni mimi,
Honi


Karakana ya Juu
Alhamisi, 7 Machi

Kwa Dereva wa mbele,

Barua nimeipata. Haikuingia jikoni kwa sababu kaka yako aliiwahi.

Huyo kaka yako, mume wangu, mwaka wa tano huu anakula kwenye nyumba mbili na kudanganya kwenye zote mbili. Kwenu anasema nakusalimia. Kwangu anasema unanisalimia. Naomba ujue kuwa mimi sijawahi kukutumia salamu.

Nitasukuma. Si kwa ajili yako. Miaka mitano napanga mabehewa yadini, hatua mia mbele, hatua mia nyuma, mimi niliyekuwa nateremsha treni ya mafuta mlima mzima bila kumwaga chai. Bosi amenieleza waziwazi: transfoma ikifika juu salama, narudi njia kuu. Likitokea lolote, nabaki yadini mpaka nistaafu, na bado nina miaka kumi na moja. Umeelewa sasa nimeweka nini mikononi mwako. Mara ya mwisho nilipoweka kitu mikononi mwako sikukiona tena.

Halafu mji umekaa bila umeme miezi minne. Kaka yako anashona kwa kukanyaga pedali mpaka magoti yamemvimba. Cherehani ya umeme ameifunika shuka, kila asubuhi anaifunua, anaitazama, anaifunika.

Lete ishara zako. Andika kwa ufupi.

Mchanga


Karakana ya Chini
Jumamosi, 9 Machi

Shemeji,

Ufupi siuwezi, ningeuweza wasingeniita Honi. Vumilia.

Vichwa viwili vya mbele vimeunganishwa kwa waya. Cha pili hakina dereva. Nikisogeza mpini wangu wa nguvu hatua ya kwanza, nacho kinajiweka hatua ya kwanza. Nikienda ya nane, ya mwisho, nacho ya nane, hakiulizi swali. Kwako hakuna waya. Kati yetu kuna mabehewa kumi na tisa, ukiihesabu na transfoma, na mahandaki matatu, na ile kona. Unachonisikia ni honi tu.

Sasa nisikilize kwenye hili, maana ndilo lenye uzito. Treni ikipanda, viungo vya mbele vinanyooka kwa kuvutwa, vya nyuma vinalegea kwa kusukumwa. Mahali fulani katikati kuna behewa moja ambalo halijui linavutwa au linasukumwa. Hapo ndipo nguvu yangu inapoishia na yako inapoanzia. Nataka likae behewa la kumi na nne. Ukizidisha kusukuma, litasogea mbele, mabehewa mepesi yatabanana, na kwenye kona yatatoka relini. Ukipunguza mno, litarudi kwako, uzito wote utaning'inia kwenye kiungo cha mbele, nacho kitakatika. Gadi atakuwa kwenye mabehewa ya katikati akichungulia viungo.

Ishara:
Honi moja ndefu: naanza. Subiri mpaka behewa la mwisho likuvute kidogo, ndipo usukume.
Honi mbili: shika.
Honi tatu: achia.
Honi fupifupi nyingi: hatari.

Ni zilezile za siku ile. Sijabadilisha hata moja, maana hazikuwa na kosa. Bosi anataka uzinakili kwa maneno yako mwenyewe, utie saini.

Honi


Karakana ya Juu
Jumanne, 12 Machi

Kwa Dereva wa mbele,

Eti hazikuwa na kosa. Kumbe kosa lilikuwa mimi. Ahsante kwa kunikumbusha, nilikuwa nimeanza kusahau, ni majuzi tu mtoto wa jirani kaniuliza kama ni kweli niliangusha treni.

Nanakili kama nilivyoagizwa.

Honi moja ndefu: anaanza. Nasubiri kuvutwa, ndipo nasukuma.
Honi mbili: shika. Nabana breki zote, treni inasimama papo hapo, nasubiri ishara nyingine.
Honi tatu: achia. Naachia breki, naendelea kusukuma.
Honi fupifupi nyingi: hatari.

Hivyo ndivyo nilivyofanya hata siku ile. Ulipiga mbili, nikashika. Niliiambia kamati: nilishika kama nilivyoambiwa. Wakacheka. Mmoja akasema, huyu mama anatudhihaki. Mpaka leo sijui walichekea nini.

Nimetia saini. Usiniandikie tena mpaka siku ya safari.

Mchanga


Karakana ya Chini
Jumatano, 13 Machi

Shemeji, Shemeji, Shemeji,

Umenikataza kuandika, naandika. Barua yako nimeisoma mara sita, mara ya mwisho nimeisoma nimesimama.

Umeandika "treni inasimama". Kwa nini isimame?

Nilitoka na barua mkononi mpaka kantini. Niliwakuta madereva saba wanakunywa chai. Nikawauliza mmoja mmoja, bila kuwaeleza kitu: dereva wa nyuma akiambiwa shika, anafanya nini? Wote saba wakaniambia neno moja. Anashika mzigo! Anaongeza nguvu, anasukuma! Mmoja akanihurumia, akaniuliza kama nimelala vizuri. Nikamwendea gadi wetu, ambaye kwao ni huko juu kwenu, nikamuuliza swali lilelile. Akanitazama. "Anashika breki. Kwani kuna shika nyingine?"

Niliketi juu ya ndoo, Shemeji.

Sisi wa chini kazi yetu ni kupandisha. Tangu najifunza kazi, shika kwetu ni shika mzigo, achia ni punguza nguvu. Ninyi wa juu kazi yenu ni kuteremsha. Kwenu shika ni breki na achia ni achia breki, na ingekuwaje vinginevyo, mtu anayeteremsha tani elfu ashike nini kingine? Tumefanya kazi kwenye reli moja miaka yote hii na hakuna aliyewahi kuuliza.

Sasa naiona siku ile yote. Mvua, kona, magurudumu yangu yanateleza. Napiga mbili, nataka unisukume. Wewe unasikia simama, unabana breki kama dereva mwenye akili timamu. Mimi nahisi uzito umeongezeka, nadhani umelala, navuta zaidi. Kiungo cha behewa la nane kinakatika, mabehewa mawili ya saruji yanalala ubavuni, mvua inayanyeshea. Kile kichuguu cha saruji kiko pale kando ya reli mpaka leo, nakipita mara mbili kwa wiki, na kila nikikipita nilikuwa nakulaani wewe.

Kamati ilikuuliza uliambiwa nini, ukasema shika. Ikaniuliza nilikwambia nini, nikasema shika. Kamati yote ilitoka bondeni. Wakaandika kuwa madereva wote wawili wanakubaliana amri ilikuwa shika, na dereva wa nyuma aliikaidi kwa kubana breki. Ndicho walichochekea. Mimi nikatoka pale na cheo cha mkufunzi. Nikaenda nyumbani, nikasema mbele ya Mama kuwa mke wa kaka ni mwongo.

Nimekukosea. Sina neno zuri zaidi la kulisema hilo, na nimeanza kuyaogopa maneno.

Honi


Karakana ya Chini
Jumatatu, 18 Machi

Shemeji,

Siku tano sijapata jibu. Gadi anasema ulipokea barua, ukaisoma, ukaiweka mfukoni, ukapanda kichwa chako cha yadi na kupanga mabehewa ambayo hakuna aliyekuagiza uyapange.

Nimekwenda kwa bosi. Nimempa barua zote mbili, nakala ya yangu na yako, na maelezo ya kurasa tatu niliyotia saini. Alizisoma zote. Kisha akaniuliza nimefundisha madereva wangapi hiyo shika yangu. Nikamwambia arobaini na mmoja. Akaniomba kofia ya mkufunzi hapohapo. Nimeirudisha stoo, na jamaa wa stoo alinidai na kamba ya filimbi.

Jana nilikwenda kwa Mama. Nilikutukana mbele yake, kwa hiyo nililikana tusi lile mbele yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema alijua siku zote kuwa hukusema uongo, na kuwa mimi tangu utotoni nina sauti kubwa na masikio madogo.

Bosi anauliza kama bado uko tayari kwa tarehe 26. Anasema ukikataa hatakulaumu. Nijibu hata kwa tusi.

Honi


Karakana ya Juu
Alhamisi, 21 Machi

Shemeji,

Tusi ninalo, tena si moja, ila karatasi ya ofisi haitatosha.

Barua yako niliisomea yadini. Nilicheka peke yangu kama chizi. Kisha nikalia. Kisha nikarudi nyumbani nikamgombeza kaka yako kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Miaka mitano! Nilijilaza kitandani nikirudia siku ile, nikijiuliza kama kweli mkono wangu ulibana breki kabla ya honi. Nilifika mahali nikaanza kuwaamini wao. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yadi.

Sijakusamehe yote. Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine tutaona mlimani.

Sasa kazi. Neno shika limestaafu, lipewe chai na keki liende. Nilitaka tuweke "kaza" mahali pake. Kaka yako akainua kichwa kwenye pedali akauliza, kaza mwendo au kaza breki? Fundi nguo ametuzidi akili sote. Tukakaa mezani mimi na yeye, tukawa tunalijaribu kila neno kwa mpishi, kwa muuza magazeti, kwa mtoto wa jirani. Yaliyobaki ni haya, na kila moja nimeandika mkono wangu utafanya nini:

Honi moja ndefu: anza. Nasubiri kuvutwa, kisha nasogeza mpini mbele.
Honi mbili: sukuma. Naongeza hatua za mpini. Breki siigusi.
Honi tatu: punguza. Narudisha hatua za mpini. Breki siigusi.
Honi nne: simama. Hapo ndipo nagusa breki.

Nakili kwa maneno yako mwenyewe. Na Shemeji, sanduku langu lote lijazwe mchanga, mpaka juu.

Niko tayari.

Mchanga


Karakana ya Juu
Alhamisi, 28 Machi

Shemeji,

Nilikutafuta stesheni nikakosa hata kuona kofia yako. Watu walikuwa wengi hivyo! Wamenibeba, unasikia? Mimi, na uzito wangu huu. Waliponishusha nikaambiwa umeshateremka na mabehewa matupu. Kwa hiyo nakuandikia, maana tumesafiri treni moja siku nzima na hakuna aliyemwona mwenzake.

Nikueleze kule nyuma kulikuwaje.

Mahandaki mawili ya kwanza yalikwenda vizuri. Nilikaa hatua ya nne, ya tano, treni imetulia. Tulipoikaribia kona nikahisi mwendo unakufa. Behewa la mwisho likaanza kunilalia, uzito unarudi, unarudi, na mimi siwezi kuona kitu mbele isipokuwa mgongo wa behewa la nguzo. Sikujua umepatwa na nini. Halafu nikakiona kile kichuguu cha saruji dirishani. Sikuwa nimekiona tangu siku ile. Kimeota majani.

Na hapohapo, mbili.

Mkono wangu wa kushoto ulikwenda kwenye breki, Shemeji. Wenyewe. Miaka ishirini ya shika ya huku juu haitoki kwa barua moja. Niliutazama mkono huo nikauambia kwa sauti, "Sukuma!" Ukarudi.

Nikaweka hatua ya sita, nikasubiri mabehewa yaegemeane. Ya saba, nikasubiri. Magurudumu yakaanza kuteleza, nikamwaga mchanga. Waambie rafiki zako wa kantini kwamba ndiyo, nimemwaga sanduku zima, na waje na mataulo. Nikaweka ya nane. Yadini kule sikuwahi kupita ya pili. Kile kichwa kilinguruma nikahisi meno yanatikisika. Kichuguu kikasimama dirishani, kikasimama, kisha kikaanza kurudi nyuma. Taratibu. Nilikitazama mpaka kikapotea.

Kisha nikapiga honi ndefu ambayo haimo kwenye makubaliano. Niandikie adhabu.

Niambie mbele kulikuwaje.

Mchanga


Karakana ya Chini
Jumamosi, 30 Machi

Shemeji,

Mbele kulikuwa hivi: kichwa cha pili kilizimika.

Mita mia kabla ya kona, taa nyekundu, kimya. Kile kisichouliza swali kikakata shauri peke yake. Nikabaki na kichwa kimoja kinachofanya kazi na kimoja maiti ninayoibeba, na tani tisini mgongoni. Mwendo ukashuka mpaka mzee mwenye fimbo angetupita. Nikisimama pale hatuondoki tena, tutarudi chini kwa kuvutwa, na wewe unarudi yadini. Nilijua hivyo. Nikapiga mbili.

Nikahesabu. Moja. Mbili. Siku ile kiungo kilikatika kwenye tatu. Tatu ikapita. Nne. Tano. Nilishaanza kukunja uso nikisubiri mlio wa chuma. Kwenye sita, kiti kikanisukuma mgongoni. Polepole, kama mtu anayekusogeza ili apite. Nililia, Shemeji, na kwa kuwa nilikuwa peke yangu sikujifuta.

Gadi ametoa taarifa yake kwa bosi. Alikuwa ananing'inia mlangoni akiangalia viungo. Anasema aliona vimenyooka mpaka la kumi na nne, kama tulivyopanga. Baada ya honi mbili kikalegea cha kumi na tatu, cha kumi na mbili, cha kumi, cha saba, kimoja kimoja, mpaka cha tatu. Lile behewa lisilojua lilifika la tatu! Maana yake ile treni uliibeba wewe, mimi nilikuwa nashika usukani tu, na treni haina usukani. Bosi aliuliza kwa nini mabehewa mepesi hayakutoka relini. Gadi akasema kwa sababu dereva wa nyuma hakuwa na pupa, kila hatua aliisubiri ikae.

Ile honi yako ndefu niliisikia. Kila mtu bonde zima aliisikia. Mama aliisikia akiwa anaanika nguo.

Mengine. Ripoti ya ajali imesahihishwa, nimeiona kwa macho yangu, wameandika kuwa dereva wa nyuma alitii amri kama ilivyojulikana kwenye karakana yake na hana kosa. Nakala imo kwenye mkoba huu. Umerudi njia kuu kuanzia Jumatatu. Na kofia ya mkufunzi haikurudi kwangu. Imo humohumo mkobani, na kamba ya filimbi mpya. Madereva arobaini na mmoja wanahitaji kufundishwa upya, wa arobaini na mbili ni mimi.

Honi


Karakana ya Juu
Alhamisi, 4 Aprili

Kwa mwanafunzi wangu,

Kofia imenitosha. Kaka yako ameipunguza pembeni kwa cherehani ya umeme, umeme umerudi juzi saa nne asubuhi. Alivua ile shuka, akaikunja mara nne, akashona mpaka chakula cha jioni. Sasa anadai bili ya magoti yake tuigawane mimi na wewe.

Ile ripoti nimeisoma kwa sauti nikiwa nimesimama katikati ya yadi. Kisha nimeibandika ukutani ofisini, pale pale ilipokuwa ya zamani. Kesho mtoto wa jirani nampandisha kwenye kichwa changu akaone treni ambayo sikuiangusha.

Nusu iliyobaki nilikusamehe kwenye hatua ya nane. Nilisahau kukuandikia.

Transfoma ya pili inakuja mwezi ujao, nzito kuliko ya kwanza. Nimeshaongea na bosi. Mbele nitakuwa mimi, nyuma utakuwa wewe. Somo lako la kwanza ni hili: honi mbili ni nini? Andika kwa maneno yako mwenyewe, utie saini. Na safari hii kwa ufupi.

Shemeji yako,
Mchanga


Karakana ya Chini
Jumamosi, 6 Aprili

Kwa Dereva wa mbele,

Sukuma.

Wako wa nyuma,
Honi